Mvua ya Mbarali, Taa ya Magomeni



Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tabiri tatu za mvua kila mwaka. Upo utabiri wa Masika, yaani mvua za Machi hadi Mei. Upo wa Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba. Na upo wa mvua zinazoitwa za Msimu, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei katika mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka: magharibi, kati, kusini na nyanda za juu kusini. Mtu wa Dar es Salaam hutega sikio kwenye Masika na Vuli, maana anataka kujua kama Jangwani patapitika na kama nyumba ya bondeni itasalimika. Ukisomwa utabiri wa Msimu, anaona huo ni wa wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kilombero, wala haumhusu.

Mimi nasema unamhusu kuliko ile miwili. Taa ya chumbani, friji, mashine ya kusaga, pampu inayopandisha maji kwenye tangi, mtandao wa simu anaotumia kumtumia mama yake hela kijijini, vyote hivi kwa miaka hamsini vimetegemea, kwa sehemu kubwa, mvua inayonyesha kwenye milima ambayo wengi wetu hatujaikanyaga. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta katika mkoa huu wa Dar es Salaam tukiwa watu 5,383,728. Hatuna mto wa kuzungusha hata mtambo mmoja wa maana. Msimbazi unatuletea mafuriko na takataka, umeme hautuletei. Kila tunachowasha kimetoka mbali, na kule kilikotoka wana mwaka wao, tofauti na mwaka wetu. Nataka tuitazame miaka hiyo miwili, wa jiji na wa mito, kwa sababu taabu yetu kubwa ya umeme imezaliwa pale inapopishana.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Umeme wa kwanza wa mji huu uliletwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Baadaye, mwaka 1931, wakati wa Waingereza, yakaanzishwa makampuni mawili, moja likiwa la Dar es Salaam na wilaya zake, jingine la upande wa Tanga. Mji ulikuwa mdogo, mitambo yake ilikuwa ya mafuta, na mafuta yalikuja na meli. Mitambo ile haikuwa na masika wala kiangazi. Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Mwaka 1964 ulianza kazi mtambo wa maji wa Hale, kwenye mto Pangani. Mwaka 1968 shirika la umeme la taifa likachukua jina la TANESCO tunalolijua. Mwaka 1975 ukaanza Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, ambao ulipokamilika ulifika megawati 204 na kwa miaka mingi ukabaki kuwa mkubwa kuliko yote nchini. Nchi changa ilikuwa imefanya uamuzi wa busara: maji ni yetu, mafuta ni ya kununua. Siulaumu hata kidogo. Lakini kuanzia hapo jiji la pwani likaanza kuishi kwa mvua ya bara.

Sasa tusimame kidogo Mtera. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwanza kama ghala la maji la Kidatu; mitambo yake yenyewe, ya megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo inatakiwa isimame. Hesabu hiyo tofauti: mita nane na nusu. Wale mliokuwa watu wazima miaka ya 1990 mnakumbuka jinsi kina cha Mtera kilivyokuwa kikisomwa redioni kama hali ya mgonjwa aliyelazwa. Watu wa Kinondoni ambao hawajafika Iringa maisha yao yote walijua kwamba Mtera leo ni mia sita tisini na moja nukta kadhaa.

Mwaka wa Mtera uko hivi. Mvua za Msimu zikianza vizuri, bwawa huanza kupanda kati ya Desemba na Januari, likaendelea kupanda hadi Mei. Juni mvua zimekwisha, mito inapungua, bwawa linaanza kushuka. Linashuka Julai, Agosti, Septemba, na kufikia Novemba liko chini kabisa, likisubiri.

Mwaka wa jiji nao uko hivi. Juni hadi Agosti kuna kusi, upepo ni wa baridi, usiku mtu anajifunika shuka mbili, feni imezimwa, pangaboi la sebuleni halizunguki. Hiyo ndiyo miezi tunayodai umeme kwa upole, na ndiyo miezi ambayo ghala linapungua bila sisi kulihisi. Oktoba jua linarudi. Desemba kaskazi inaingia na unyevunyevu wake, na hadi Machi hakuna usiku wa kulala bila feni. Kwa hiyo tunaanza kudai zaidi wakati mto unakaribia kutokuwa na cha kutoa. Vuli ikinyesha Dar, watu hufurahi wakidhani mabwawa yanajaa. Hayajai. Mvua inayolowesha Buguruni haiongezi hata ndoo moja Mtera. Mtera inangoja mvua ya Mbeya na Iringa, na hiyo ilipokuwa ikichelewa wiki nne tu, nyumba za Dar zilijua.

Ndiyo maana ukiorodhesha mateso yetu, mengi yanaangukia miezi ileile. Oktoba 2015 mitambo mikubwa ya maji ilizimwa kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Novemba 2022 tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Miezi ya mwisho ya 2023 mgao ukarudi tena, ukatuvusha hadi mwanzo wa 2024. Na mwaka 2006 ulikuwa mbaya kuliko miaka hiyo yote, kwa sababu mvua za msimu uliotangulia hazikuja inavyotakiwa. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Septemba na Oktoba. Saa ya futari ndiyo saa ambayo jiji lote linawasha: jiko, taa, blenda ya juisi, televisheni. Kwa kawaida mahitaji yetu hupanda kuanzia saa moja jioni na kushuka baada ya saa nne usiku, na Ramadhani hukizidisha kilele hicho. Mwaka ule nyumba nyingi zilifuturu kwa kibatari na mshumaa, na uji wa pilipili manga ulinywewa huku mtu haoni kilichomo kwenye kikombe.

Nataka niwaonyeshe mgao kwa karibu, maana ripoti huandika megawati, na megawati haziumwi. Novemba ile ya 2022 nilikaa kibarazani kwa mama mmoja wa Tandale anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za kwenye vifuko vya nailoni. Ana friza la kulala, la mtumba, kifuniko chake hakikazi vizuri, kwa hiyo hulifunika blanketi. Chini ya friza hupanga chupa za maji yaliyoganda ambazo haziuzi. Hizo ndizo zinazotunza baridi umeme ukikatika. Alinifundisha jambo ambalo sikuwa nalijua: barafu haiogopi saa nyingi za giza peke yake, inaogopa saa zinazokatwakatwa. Ukimpa umeme usiku kucha, asubuhi ana mzigo mgumu wa kuuza hadi alasiri. Ukimpa saa tatu jioni, ukamnyima usiku wa manane, ukamrudishia alfajiri, mfuko unaganda nje na katikati unabaki maji. Alichukua mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukaingia ndani. Mtoto wa shule hanunui huo. Siku hiyo ratiba iliyotangazwa ilikuwa inasema umeme utarudi saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku ulikuwa haujarudi, na yeye alikuwa ameshaanza kugawa ukwaju wa maji kwa watoto wa jirani kabla haujachacha. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama huko kwenye mabwawa mvua imeanza.

Hilo swali lake ndilo swali sahihi. Na mwezi uleule jiji lilikuwa na mgao mwingine, wa maji. Mto Ruvu ulikuwa umepungua sana. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa pamoja huzalisha takribani lita milioni 466 kwa siku. Uzalishaji ulishuka hadi karibu lita milioni 300. Maji ya Ruvu hayaji Dar kwa miguu yake, yanasukumwa kwa pampu za umeme. Mwenye kisima naye anategemea pampu. Kwa hiyo ukame mmoja ulitupiga mara mbili: uliondoa maji mtoni na ukaondoa nguvu ya kuyasukuma yaliyobaki. Kule Kimara na Mbezi kuna nyumba zilizopangia usiku kazi zote, watu wakisubiri ile nusu saa ambayo maji na umeme vingekutana.

Ukame pia huharibu maamuzi. Mimi naamini hili tumelizungumza kama kashfa ya watu, hatujalizungumza vya kutosha kama tabia ya msimu. Bwawa likikauka, serikali inanunua umeme wa dharura, na mnunuzi mwenye dharura hana muda wa kupekua karatasi. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ulisainiwa mwaka 2006, nchi ikiwa gizani. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilipowasilisha ripoti yake kuhusu mkataba huo, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, Februari 2008. Serikali nzima ilitikisika, na chanzo cha haraka ile yote kilikuwa mvua iliyokosa kunyesha juu ya Usangu na jiji ambalo halikuwa na akiba. Tungekuwa na mitambo ya akiba kabla ya ukame, tungenunua kwa utulivu.

Usangu nimeitaja, basi niifikie. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Mbeya na Njombe, unayashusha kwenye bonde la Usangu, unayapitisha kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ukielekea Mtera. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikauka kabisa ndani ya hifadhi katika miezi ya kiangazi, viboko wakibaki kwenye vidimbwi vya tope. Lawama zikaelekezwa kwa wafugaji na kwa wakulima wa mpunga. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, na wengi waliumia kwa namna ambayo taifa halijaieleza vya kutosha. Wapo watafiti wa masuala ya maji waliosema kwamba lawama hiyo ilipotoka: maji mengi ya kujaza Mtera huja wakati wa mafuriko ya mvua, si kiangazi, na baadhi ya mgao wa miaka ya 1990 ulitokana na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa, maji yakitumiwa haraka kuliko kanuni iliyowekwa. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kilimo cha umwagiliaji kilinyonya mto wa kiangazi, na hilo ni dhambi kwa hifadhi na kwa wanakijiji wa chini ya mto. Lakini giza la Dar es Salaam halikuletwa na ng'ombe wa Mmang'ati na Msukuma peke yao. Sisi tuliokuwa tunatumia tulikuwa na sehemu yetu, na hakuna aliyetuhamisha.

Upande wa Kilombero kuna hadithi nyingine. Mtambo wa Kihansi, megawati 180, ulianza kazi mwaka 2000, maji yakianguka zaidi ya mita 800. Hauna bwawa kubwa. Unatumia mto kadiri unavyokuja. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na chura mdogo wa Kihansi, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1996 na asiyepatikana mahali pengine popote duniani, akatoweka porini. Waliobaki walikuwa wamepelekwa kulelewa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na wameanza kurudishwa nyumbani. Nawatajia chura huyu mjue kwamba swichi unayobonyeza Sinza imeunganishwa na viumbe wa namna hiyo.

Gesi ilikuja kutupumzisha. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka thelathini, na mwaka 2004 ikaanza kufika Ubungo kwa bomba linalopita baharini na nchi kavu. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la Mtwara, na kule Kinyerezi ikajengwa mitambo, wa kwanza wa megawati 150 na wa pili wa megawati 240. Gesi haijali Novemba wala Aprili. Ndiyo maana Oktoba 2015, mitambo ya maji ilipozimwa, jiji halikuzama kama lilivyozama 2006, ingawa tuliteseka. Tulikuwa tena na kitu kisichofuata mvua.

Tukiisha kuukwepa ukame, tunakutana na Masika. Hapa nataka nikae, maana ndipo tulipo sasa. Mvua inayotupa umeme kule juu ndiyo inayotukatia umeme huku chini. Wingu likitanda tu Tabata, watu wanachomoa friji. Wana sababu. Mti wa mwembe au mwarobaini umeachwa ukaota hadi kwenye nyaya; upepo wa mvua unapoutikisa, tawi linagusa nyaya mbili, laini inajikata. Nguzo ya mti imesimikwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa bondeni. Udongo ukilowa, nguzo inalala. Transfoma iliyofungwa kwa ajili ya nyumba hamsini sasa inahudumia mtaa wenye magorofa, saluni, mafundi wa kuchomelea mageti na viwanda vya matofali. Ilikuwa imechoka tangu kaskazi, radi inaimalizia. Kisha wanakuja vishoka, wanaunganisha watu kienyeji, na mita inaposoma sifuri transfoma haisomi sifuri.

Mwaka 2024 uliyaonyesha haya yote kwa mkupuo mmoja. Mvua kubwa za El Niño zilikuwa zimejaza mabwawa. Mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, iliingia kwenye gridi Februari. Majira ya Machi TANESCO ilitangaza kwamba imezima mitambo kadhaa ya maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Nchi ambayo wiki chache nyuma ilikuwa kwenye mgao sasa ilikuwa na ziada, na bado kulikuwa na mitaa jijini inayolala gizani, kwa nguzo, kwa transfoma, kwa nyaya. Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo kila mwananchi anastahili kulielewa. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Kile kinachozalishwa sekunde hii lazima kitumike sekunde hii. Wataalamu wa kituo cha udhibiti pale Ubungo hulinda mzunguko wa mara 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uzalishaji mzunguko unashuka, uzalishaji ukizidi unapanda, na ukitoka nje ya mipaka mitambo hujizima yenyewe kujilinda. Mashine moja ya Bwawa la Nyerere ni megawati 235. Gridi yetu ni ndogo kiasi kwamba mashine moja kubwa namna hiyo ikitoka ghafla, nchi nzima inaweza kufuata. Aprili 1 mwaka ule gridi ya taifa ilianguka.

Na Aprili hiyohiyo wenzetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa majini. Muhoro ilizama, mashamba yalikwenda, watu walihama kwa mitumbwi. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza mafuriko ambayo yangekuwa makubwa zaidi. Wakazi wengi walisema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowakuta. Sina nia ya kuamua shauri hilo hapa. Nasema tu kwamba jiji linalotumia umeme wa Rufiji lina deni la kuwauliza watu wa Rufiji hali zao, na sikuliona jiji letu likiuliza kwa sauti ya kutosha.

Sasa turudi kwenye joto, kwa sababu mahitaji yetu ya kaskazi tumeyajenga kwa mikono yetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilijua kaskazi na kusi. Mlango wa mbele na mlango wa uani ikifunguliwa, upepo unapita nyumba nzima. Baraza lina kivuli, uani kuna mti. Wasanifu wa majengo ya kwanza ya Chuo Kikuu pale Mlimani walipanga kumbi na mabweni yashike upepo wa kilimani. Beda Amuli, Mtanzania aliyesanifu Soko Kuu la Kariakoo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilipa paa la miavuli mikubwa ya zege: jua linazuiwa, hewa moto inatoka juu, mvua inakusanywa kwenye miavuli hiyo na kushushwa kuhifadhiwa. Tazameni jengo hilo. Mtu mmoja alifikiria kaskazi na masika katika paa moja. Soko lile liliungua Julai 2021, lakini wazo lake halikuungua.

Leo tunajenga nini? Kuta za vioo zinazotazama magharibi, madirisha ya aluminiamu yasiyofunguka, bati lisilo na dari, uzio uliobanana na ukuta wa jirani hadi paka hapiti. Halafu tunafunga kiyoyozi katika kila chumba, na kile kiyoyozi kinatema joto lake nje, kwa jirani asiyenacho. Mwenye kipato kidogo, aliyepanga chumba kimoja Manzese chini ya bati, hana mti wala upepo. Anacho feni tu, na mita ya LUKU ikipiga kelele usiku wa Februari anaamka na kulala mlangoni. Naamini kwa moyo wote kwamba kivuli ni miundombinu ya umeme. Kila jengo linalopumua lenyewe linatupunguzia mashine. Halmashauri zetu hupitisha ramani za majengo kila wiki. Zingeanza kukataa jengo lisiloweza kukaliwa kiyoyozi kikizimika, tungeokoa zaidi kuliko tunavyodhani.

Na mahitaji hayatapungua. Treni ya umeme ilianza safari za Morogoro Juni 2024, na za Dodoma mwezi uliofuata. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi nalifurahia lengo hilo. Nimeona macho ya akina mama waliopika kwa mkaa maisha yao yote. Lakini kila jiko la umeme jipya litawashwa saa moja jioni, katika kilele kilekile.

Mashine zote tisa za Bwawa la Nyerere zilikamilika mwaka 2025, jumla megawati 2,115. Zimeondoa hofu iliyotukaa miongo mitatu, na waliolijenga wanastahili heshima. Bwawa lenyewe linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, akiba ambayo Mtera haiwezi kuifikia, na kwa hiyo linaweza kutuvusha mwaka mmoja mbaya. Ila tazameni ramani. Bwawa limekaa pale Ruaha Mkuu ulipokwisha kukutana na maji ya Kilombero na Luwegu. Mtera iko kwenye Ruaha. Kidatu iko kwenye Ruaha. Kihansi inamwaga Kilombero. Tone la maji lililotoka Mbarali linaweza kufanya kazi Mtera, likafanya tena Kidatu, likafanya mara ya tatu Rufiji kabla halijaingia baharini. Ni jambo la kupendeza, na ni jambo la kuogopesha, maana bonde ni moja. Ukija ukame wa miaka miwili mfululizo juu ya bonde hilo, mitambo yote minne itaona kiu pamoja. Wanaosema sasa hatuhitaji gesi wanasahau hilo.

Ninachoomba kinafanyika, wala hakihitaji bwawa jingine. Siku ambayo utabiri wa Msimu unatangazwa, TANESCO na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wasimame mbele ya wananchi wa Dar es Salaam waseme kina cha kila bwawa na kitatufikisha mwezi gani. Mikutano ambayo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huiitisha kuchukua maoni kuhusu bei tuihudhurie, tuulize kuhusu transfoma zetu kwa majina ya mitaa. Miti ikatwe matawi Januari na Februari, mafundi wakiwa wanaona vizuri na ardhi ikiwa kavu, isingojewe Aprili. Nguzo za mabondeni zibadilishwe ziwe za zege. Na matengenezo makubwa ya mitambo ya gesi yapangwe kati ya Mei na Agosti, mabwawa yakiwa yamejaa na kusi ikiwa imetupunguzia feni, ili ifikapo Oktoba kila mashine ya Ubungo na Kinyerezi iwe inazunguka au iko tayari kuzunguka. Ratiba hiyo ichapishwe magazetini kwa tarehe, mtambo kwa mtambo. Tarehe ikipita kazi haijafanyika, yule mama wa Tandale awe na karatasi mkononi ya kuuliza nayo.